Kiazi kina kinga yake, mbona virusi vinaishinda?

*"Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni mama mkulima, niko Misungwi. Vuli iliyopita nilipanda viazi lishe karibu ekari moja, marando nilipewa na shemeji yangu wa Sengerema. Vilikubali, nikauza, vingine nikakausha michembe. Masika hii nimechukua marando kwenye shamba lilelile nikapanda upya. Mashina mengi yamedumaa, majani yamekuwa madogo na membamba, yamejikunja na kugeuka njano, na nikichimbua chini nakuta mizizi tu, viazi vyenyewe ni vidogo mno. Jirani yangu ana viazi vya kienyeji hatua chache kutoka kwangu na vyake vimestawi. Kijana wangu anayesoma sayansi anasema mimea ina kinga inayokata virusi vipande vipande. Kama ni kweli, mbona vyangu vimeshindwa? Muuza pembejeo ananiambia ipo dawa ya kutibu virusi. Ninunue? Ning'oe vyote? Na hivi vidogo tukila havitatudhuru? Naomba unieleze kwa kirefu."*

Dada yangu, pole kwa hasara. Umeuliza mambo mengi kwa mpigo, na mawili kati ya hayo yanagusa chakula na fedha yako ya wiki hii, kwa hiyo nayamaliza kwanza.

Hivyo viazi vidogo kuleni bila hofu. Virusi vinavyouguza viazi vitamu haviwezi kuishi ndani ya mwili wa binadamu wala wa mifugo. Matembele ya mashina hayo nayo ni salama. Cha kuangalia ni kimoja tu: kama kuna mtu amepuliza kiuatilifu shambani hapo karibuni, subirini siku zilizoandikwa kwenye lebo ndipo mvune.

Dawa ya kutibu virusi usinunue. Hakuna dawa ya kupuliza shambani inayomwondoa kirusi aliyekwisha kuingia ndani ya mmea, si hapa kwetu wala kwingineko. Kinachouzwa kwa jina hilo huwa ama ni kiuatilifu cha wadudu, ama ni mbolea ya majani. Hiyo mbolea inaweza kuyarudishia majani ukijani kwa siku kadhaa ukadhani mmea umepona, huku chini ya tuta hali ni ileile. Ukitaka kujiridhisha, mwombe muuzaji akuoneshe lebo. Kiuatilifu halali nchini kinapaswa kuwa kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na lebo yake lazima itaje kinaua nini. Soma mwenyewe uone kama virusi wametajwa.

Tuje kwenye swali la kijana wako, maana humo ndimo jibu la mengine yote limo. Anachosema ni kweli, na ni vizuri amelileta hadi shambani. Mimea haina damu wala chembe nyeupe zinazozunguka kutafuta wavamizi, lakini kila seli ya kiazi chako inao uwezo wa kumtambua kirusi na kumkatakata. Tatizo la shamba lako silo kwamba viazi vyako havina kinga. Kinga ipo, tena ilikuwa inafanya kazi vuli nzima bila wewe kuiona. Kilichotokea ni kwamba ameingia kirusi wa pili ambaye kazi yake mojawapo ni kuivunja kinga hiyo, na yule wa kwanza, aliyekuwa amebanwa kwa muda mrefu, akapata nafasi.

Naeleza polepole.

Virusi wengi wa mimea wamebeba maelekezo yao ya urithi katika mnyororo unaoitwa RNA. Mnyororo huo ukiwa peke yake, mmoja, seli inaweza isiushangae, kwa sababu seli nayo hutumia RNA za namna hiyo kila dakika kutengeneza protini zake. Lakini kirusi ili azaliane ni lazima anakili mnyororo wake, na wakati wa kunakili hutokea minyororo miwili iliyoshikana. RNA ndefu yenye minyororo miwili si kitu cha kawaida ndani ya seli ya mmea. Ikionekana, kimeng'enya kiitwacho Daisa huishika na kuikata katika vipande vifupi vyenye urefu unaofanana: nukleotidi 21, 22 au 24, yaani vile viungo vidogo vinavyounda mnyororo.

Kukata huko peke yake kunapunguza virusi, ila nguvu kubwa ya kinga iko katika hatua inayofuata. Vile vipande havitupwi. Protini nyingine, Agonauti, hubeba kimoja kimoja, huachia upande mmoja wa mnyororo na kubaki na ule mwingine. Kuanzia hapo Agonauti hutembea ndani ya seli ikilinganisha kipande ilichoshika na kila RNA inayokutana nayo. Ikikuta inayooana nacho, inaikata. Fikiria sungusungu wa kijiji waliomkosa mwizi usiku lakini wakabaki na kipande cha shati lake. Kila mgeni anayepita njiani wanamlinganisha na kitambaa kile, na mwenye shati lililochanika mahali palepale hapiti. Hawahitaji kumjua kwa jina wala kuwa wamewahi kumwona. Ndivyo mmea unavyoweza kupambana hata na kirusi ambaye haujawahi kukutana naye: ushahidi wa kumtambua umetoka mwilini mwake mwenyewe.

Na habari haibaki katika seli moja. Mmea una vimeng'enya vinavyoweza kuongeza idadi ya vipande hivyo, kisha taarifa husafiri kupitia vitundu vinavyounganisha seli na seli, na kupitia floemu, yaani mirija inayosafirisha sukari. Majani yatakayochipua wiki ijayo yanaweza kukuta kinga imeshawatangulia virusi. Mwaka 1928, huko Virginia nchini Marekani, mtafiti S. A. Wingard alieleza juu ya tumbaku iliyougua vibaya majani ya chini, lakini majani mapya ya juu yakatoka safi, na ukiyapaka kirusi kilekile hayaugui tena. Alichokiona kilibaki fumbo kwa miongo mingi. Mwaka 1999 ndipo Andrew Hamilton na David Baulcombe, wakiwa Norwich, Uingereza, walipovionesha vile vipande vifupi vya RNA ndani ya mimea. Wanasayansi huiita kinga hii unyamazishaji wa RNA.

Sasa, kama kinga ina uwezo wote huo, tungetarajia shambani kusiwe na mmea unaougua virusi. Mimea huugua kwa sababu virusi nao wameishi nayo kwa muda mrefu mno, na waliobaki ni wale wenye njia ya kuikwepa kinga hiyo au kuizuia. Karibu kila kundi la virusi wa mimea lililochunguzwa limekutwa na protini ya kazi hiyo. Za kwanza zilitambuliwa mwaka 1998. Kinachonivutia, hata baada ya miaka mingi ya kazi hii, ni kwamba kila kundi limeibuka na njia yake. Kuna virusi wenye protini iitwayo P19, ambayo huvikumbatia vipande vya nukleotidi 21 hasa, ikiwa imeumbwa kwa urefu huohuo, Agonauti ikabaki haina cha kubeba. Kuna wenye protini P0, ambayo haishughuliki na vipande kabisa. Inaipeleka Agonauti yenyewe ikaharibiwe na mfumo wa usafi wa seli ya mmea. Wengine huizuia Agonauti isikate. Mtu akikuambia kuna njia moja ya kuwashinda virusi wote wa mimea, mkumbushe hilo.

Viazi vitamu vya Kanda ya Ziwa vina kisa chao, na ndicho nadhani kimekupata. Nasema nadhani kwa sababu sijaliona shamba lako. Majani membamba yaliyojikunja, njano, kudumaa na kukosa viazi ni dalili za ugonjwa wa virusi vya viazi vitamu, na ugonjwa huo hausababishwi na kirusi mmoja. Wanakutana wawili.

Wa kwanza anajulikana kwa kifupi SPFMV. Huenezwa na vidukari, wale wadudu mafuta, na amesambaa sana. Marando mengi yanayogawanywa kati ya ndugu na majirani huku kwetu huenda tayari yanaye. Akiwa peke yake, kiazi hummudu. Majani ya chini yanaweza kuonesha mabaka hafifu au pete za zambarau, mara nyingi hakuna dalili yoyote, na mavuno hayapungui kwa kiasi cha kukushtua. Tena aina nyingi za kienyeji za Afrika Mashariki zina tabia nzuri: zikiambukizwa na huyu peke yake, baadhi ya machipukizi mapya hutoka yakiwa safi kabisa, hayana kirusi.

Wa pili ni SPCSV. Huyu huenezwa na inzi weupe, na anaishi ndani ya floemu tu, hatoki humo kwenda sehemu nyingine za jani. Naye akiwa peke yake dalili zake si kali sana: majani ya katikati na ya chini hugeuka zambarau au njano, mmea unapungua kimo kidogo. Wakulima wengi wangedhani ni ukosefu wa mbolea.

Wakikutana katika shina moja, mambo hugeuka. Mtafiti wa Uganda, Robert Karyeija, na wenzake walichapisha mwaka 2000 vipimo vilivyoonesha kwamba SPFMV anapokuwa pamoja na SPCSV, kiasi chake ndani ya kiazi hupanda takriban mara 600. Yule wa pili, aliyeufungua mlango, haongezeki. Hata hupungua kidogo. Kwa hiyo uharibifu mkubwa unaouona kwenye majani unafanywa na kirusi ambaye kiazi chako kilikuwa kimeshazoea kumbana.

Je, SPCSV anafanya nini? Ana protini iitwayo RNase3. Hiki nacho ni kimeng'enya cha kukata RNA zenye minyororo miwili, tena ni cha ukoo mmoja na Daisa ya mmea. Daisa inakata RNA ya kirusi kupata vipande vya 21, 22 na 24. RNase3 inavichukua vipande hivyohivyo na kuvikata tena hadi kubaki na urefu wa takriban 14. Kipande cha 14 hakifai. Ni kifupi mno kwa Agonauti kukitumia kumtambua yeyote. Ushahidi wote ambao mmea ulikusanya dhidi ya SPFMV, na dhidi ya kirusi mwingine yeyote aliyemo, unaharibiwa kabla haujafika mahali pa kazi.

Jaribio lililonishawishi zaidi lilichapishwa mwaka 2009 na Wilmer Cuellar na wenzake, kwa ushirikiano wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoko Lima, Peru, na Chuo Kikuu cha Helsinki. Walichukua kiazi kitamu wakakiwekea jeni moja tu ya RNase3. Hakukuwa na SPCSV wala inzi weupe. Kisha wakakiambukiza SPFMV, ambaye kwa kawaida kiazi hicho humvumilia. Kikaugua vikali, kikawa na dalili kama za shamba lako. Protini moja ilitosha kuondoa kinga. Na haikuwa kwa SPFMV peke yake. Virusi wengine wasio na undugu naye walinufaika pia.

Hapo ndipo napenda tuachane na maelezo mawili yanayozunguka sana vijijini. La kwanza ni kwamba mbegu imechoka. Mbegu ya kiazi haichoki. Tunapanda kipande cha shina, na kila linachobeba shina la mama, mtoto anazaliwa nacho. Msimu baada ya msimu marando hukusanya virusi, na siku SPCSV anapoingia, mavuno huporomoka ghafla. La pili ni kwamba udongo umeharibika. Virusi hawa hawakai kwenye udongo. Wanakaa kwenye marando, kwenye viazi vyenyewe, na kwenye maotea yaliyobaki shambani baada ya kuvuna. Wadudu huwabeba kwa muda mfupi tu kutoka shina hadi shina. Kwa hiyo ardhi yako haina kosa, na kumwaga mbolea hapo hakutaponya.

Utaniuliza, basi kwa nini vuli mavuno yalikuwa mazuri? Kuna maelezo mawili, na bila vipimo sina njia ya kuchagua. Huenda marando ya shemeji yalikuja na SPFMV peke yake, na inzi weupe wakaleta SPCSV baadaye, viazi vikiwa vimeshajaza. Mmea unaoambukizwa umri umekwenda huzaa vizuri tu. Ila marando uliyokata humo kwa ajili ya masika yalikuwa yameshabeba wote wawili, na mmea unaoanza maisha hivyo unaweza kupoteza zaidi ya asilimia 90 ya mavuno. Au huenda yalikuja na wote wawili kwenye mashina machache, wewe ukakata kila shina bila kuchagua, na safari hii machache yakawa mengi. Vyovyote iwavyo, shemeji yako hakukupa kitu kibaya kwa kujua. Usimlaumu.

Na jirani? Usikimbilie kusema viazi vyake haviugui. Aina nyingi za kienyeji zilizodumu pwani ya ziwa zimechujwa na wakulima wenyewe kwa vizazi: zilizougua hazikupandwa tena, zilizostahimili zikapewa binti aliyeolewa kijiji cha pili. Baadhi humchelewesha SPCSV asijenge makao, na huyo ndiye wa kuzuiwa. Kule Uganda kuna aina ya New Kawogo inayojulikana kwa ustahimilivu wa namna hiyo. Viazi lishe vyenye nyama ya rangi ya chungwa, kwa upande wao, vililetwa na kuenezwa kwa sababu ya vitamini A, na aina kadhaa kati yake ni dhaifu mbele ya ugonjwa huu. Aina iitwayo Ejumula inafahamika kwa udhaifu huo. Simaanishi uviache. Watoto wanavihitaji, na soko lake unalijua. Namaanisha kwamba kiazi lishe kinadai uangalizi wa mbegu ambao kiazi cha kienyeji kinaweza kukusamehe.

Sasa ufanye nini. Kama mashina yaliyougua ni machache na mengine yamesimama vizuri, yang'oe hayo machache sasa hivi, pamoja na viazi vyake, uyalishe mifugo au uyaanike juani mbali na shamba. Kung'oa kuna faida kubwa mwezi wa kwanza baada ya kupanda. Lakini umeandika "mashina mengi", na shamba la namna hiyo halitengenezeki kwa kung'oa moja moja. Hapo ushauri wangu ni mgumu kidogo: vuna kinacholika, kisha toa kila kitu, usiache hata shina moja kwa ajili ya mbegu. Najua inavyouma kuacha marando yanayoonekana ya kijani wakati mbegu yenyewe ni shida kupata. Hata hivyo shina lisilo na dalili, lililosimama katikati ya yaliyougua, siliamini. Rudi pia baada ya mvua za kwanza ung'oe maotea, maana hayo ndiyo daraja la virusi kutoka msimu hadi msimu.

Mbegu mpya tafuta mahali panapoeleweka. Kuna wazalishaji wa marando waliosajiliwa, wanaokaguliwa chini ya utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa unaosimamiwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Afisa ugani wa kata anapaswa kukuelekeza alipo wa karibu. Mradi wa Marando Bora, uliopita Kanda ya Ziwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, uliwafundisha wengi kazi hiyo, na njia moja iliyojaribiwa huku ni kitalu kidogo kilichofunikwa kwa neti ya matundu madogo juu ya fito zilizokunjwa. Unapanda humo marando safi yaliyotoka maabara, inzi weupe na vidukari hawaingii, nawe unakata mbegu mara kwa mara kutoka mashina hayohayo. Nikiangalia gharama, kwa mtu wa ekari moja peke yake neti inaweza kuwa mzigo. Kwa kikundi cha akina mama sita au saba ni kitu kinachowezekana. Hili ndilo ningelitilia mkazo kuliko yote, kwa sababu linapiga palepale penye tatizo: mtenge SPCSV na mbegu yako, na kinga ya kiazi itaendelea kuwabana waliobaki.

Kiangazi, kati ya Juni na Septemba, ndiyo kipindi mbegu zetu huharibika. Wote hupeleka marando bondeni au karibu na ziwa penye unyevu, viazi vikongwe na vipya vinakaa pamoja, na inzi weupe wanahama kutoka kimoja hadi kingine. Kama una bonde, bustani ya mbegu iwe peke yake, mbali kadiri unavyoweza na viazi vya kula, maana maambukizi mengi hutokea jirani kwa jirani. Usipokuwa na bonde, chagua wakati wa kuvuna viazi vidogo visivyo na fukusi kutoka mashina uliyoyaona ni mazima tangu mwanzo, vihifadhi kwenye mchanga mkavu ndani ya beseni, kisha vioteshe wiki kadhaa kabla ya mvua upate marando. Njia hii inaokoa mbegu, lakini haisafishi: kiazi cha shina lililougua kitaotesha mbegu iliyougua.

Kuhusu kupuliza dawa ya wadudu, wapo wanaoisifu, na nisingependa kuikataa bila sababu. Dhidi ya vidukari haisaidii, kwa kuwa kidukari huambukiza kwa kudonoa jani sekunde chache, kabla dawa haijamuua. Inzi mweupe huhitaji kufyonza kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo dawa ingeweza kupunguza kitu, lakini wanaendelea kuingia kutoka mashamba ya jirani na huzoea viuatilifu upesi. Ukihesabu bei, afya yako unapopuliza, na matembele mnayochuma kila jioni, mimi naona hailipi kwa shamba la chakula.

Kijana wako huenda akauliza: kwa nini wasitengeneze kiazi chenye kinga iliyoongezwa? Wamejaribu. Mtafiti Jan Kreuze na wenzake walikiwekea kiazi cha Peru kiitwacho Huachano jeni ya kukifundisha mapema kuwatambua virusi wote wawili, wakitumia unyamazishaji wa RNA huohuo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. SPCSV alipungua sana, mimea kadhaa haikuonesha dalili zake. Lakini SPFMV alipoongezwa, ugonjwa ulirudi: hata kiasi kidogo cha SPCSV kilichobaki kilitosha kuvunja kinga. Ni matokeo yenye kufundisha sana. Kirusi mwenye kimeng'enya cha kuharibu vipande vya kinga hazuiliki kirahisi kwa kuongeza vipande vilevile. Ndiyo maana matumaini yangu makubwa yako kwa wazalishaji wa mbegu safi na kwa watafiti wanaochambua viazi vya kienyeji kama vya jirani yako.

Neno dogo juu ya mihogo, kwa sababu najua huku hakuna shamba la viazi bila mihogo pembeni. SPCSV hahamii kwenye mihogo, lakini inzi weupe wako huko pia, na mihogo ina kisa kinachofanana. Batobato, ambayo maelezo yake ya kwanza yalitoka nchi hii mwaka 1894, ilikuwa kali kupita kiasi ilipoenea kutoka Uganda miaka ya 1990, na sababu mojawapo ilikuwa virusi wawili kukaa shina moja, kila mmoja akiwa na protini yake ya kuzuia kinga, zikifanya kazi katika hatua tofauti. Kirusi wa michirizi ya kahawia naye hutumia protini iitwayo P1. Hilo lilioneshwa mwaka 2009 na kundi lililoongozwa na Mtanzania mwenzetu, Deusdedith Mbanzibwa. Kwa mihogo ushauri ni uleule: pingili kutoka shina zima, na aina zinazostahimili, ambazo kwa mihogo zipo nyingi zaidi.

Bado kuna mambo ambayo barua haiwezi kuamua. Ukiona shina na majani machanga yameota vinyweleo vingi kupita kawaida, hao wanaweza kuwa utitiri, na dawa yake ni nyingine. Majani ya njano yasiyojikunja, shamba zima kwa usawa, yananifanya niwaze upungufu wa naitrojeni au maji kutuama. Na kama mbegu mpya kutoka kwa mzalishaji anayeaminika nayo itadumaa ndani ya wiki sita za kwanza, usingoje mavuno.

Katika hali hizo, au kama unataka uhakika kabla ya kung'oa ekari nzima, nenda TARI Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo. Kwa bahati nzuri iko humohumo Misungwi. Mpigie kwanza afisa ugani aje aone shamba, kwa kuwa mpangilio wa mashina yaliyougua hueleza mengi kuliko jani moja. Ukipeleka sampuli, kata marando yenye dalili na mengine mazima, yafunge kwa gazeti lenye unyevu kidogo kila kundi peke yake, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri ili inzi weupe wasitoke njiani. Wataalamu wanaweza kuunganisha kipande cha shina lako kwenye mmea wa kupimia wa jamii ya kiazi uitwao *Ipomoea setosa*, ambao huonesha dalili wazi hata kwa kirusi aliyejificha, au kutumia vipimo vya maabara vinavyomtaja kirusi kwa jina. Waulize mambo mawili: kama SPCSV yumo, na ni aina gani ya kiazi lishe wanayoipendekeza kwa eneo lako kwa sasa. Fanya hivyo mapema kiangazi, kwa sababu mvua za vuli zikianza kila mtu anatafuta marando, na wazalishaji wazuri huishiwa ndani ya siku chache.